Tiketi ya Yuro Tisa

Nililipa yuro tisa.
Naliweka hili mbele, nisije nikajifanya sikujua.
Yuro tisa, Charleroi hadi Kaunas,
chini ya bei ya kuku wa kuchoma sokoni Jumapili,
na nilimwonyesha jirani simu yangu,
"Tazama, Godelieve, tisa!"
kama mtu aliyeokota.

Ijumaa alfajiri ubao wa safari ukawa mwekundu.
Imefutwa. Imefutwa. Imefutwa.
Bologna, Porto, Kaunas,
na sisi mamia tumekalia masanduku
tukiwatukana wale wenye fulana za njano mlangoni.
Nami nilitukana. Nina sauti:
miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha vioo,
mashine zilinifundisha kuipaza.
"Mjukuu wangu anabatizwa kesho!
Mnanidai nini mimi?"

Aliyegeuka alikuwa Ornella,
Ornella wa akina Baldassin, ghorofa ya tatu,
niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu
mama yake akiwa zamu ya usiku.
Hakunijibu kwa hasira. Ingekuwa afadhali.
Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne
akaitandaza juu ya sanduku langu
kama atandikaye kitambaa cha meza.

Soma, Bi Josiane.

Saa zinazolipwa: tangu magurudumu yanapoanza kuzunguka
mpaka yanaposimama.
Kupanga watu, kupanga mizigo, kufuta matapishi ya mtoto,
kungoja ukungu uinuke saa nne nzima
mlango u wazi na baridi inaingia,
hayo hayamo. Hayo ni mapenzi, inaelekea.
Sare: imekatwa.
Mafunzo: yamekatwa, mwezi wa kumi na nne sasa.
Maji anayauza yuro tatu na nusu,
na kiu ikimshika, naye ananunua.
Pale chini msimamizi ameandika kwa kalamu:
Chupa mbili tu za manukato wiki nzima. Njoo tuzungumze.
Februari aliumwa.
Aliitwa ofisini kuitetea homa yake.

Nilihesabu. Sisi wa viwandani tunahesabu.
Kiti cha kufika Lithuania hakiwezi kuwa tisa.
Mafuta hayakubali tisa. Chuma hakikubali.
Basi la kutoka stesheni tu lilikaribia hapo.
Basi kuna mtu alikuwa ananilipia,
na mtu huyo amesimama mbele yangu na mafua,
ana miaka ishirini na sita,
amerudi kulala chumba chake cha utotoni.

Kwenye televisheni ya ukumbini mkurugenzi wa Plumavia
alikuwa akitabasamu kutoka nchi nyingine:
"Wachache wanaowateka abiria wetu."
Abiria wake tukatazamana.
Mama mmoja akaanza kucheka, kicheko kikavu,
kikapita safu kwa safu mpaka kwenye mashine za kahawa.
Si wote. Bwana mmoja mwenye suti nyeusi hakucheka;
alikuwa na mazishi Porto, saa nane.
Ornella alimwendea, akasema neno, akarudi.
Sikuuliza neno gani.

Kupitia kioo kile kipana
kilionekana kilima cheusi cha machimbo ya zamani,
mibetula imekiota mgongoni.
Babu yake Ornella alikuja kutoka Veneto kukichimba kilicho chini.
Alilipwa kwa kigari cha makaa; mawe hayakuhesabiwa.
Mawe yalitolewa, yakatupwa, yakapanda.
Kilima chote kile ni kazi ambayo hakuna aliyeilipa,
na sisi huwapeleka watoto kuteleza pale theluji ikianguka.

Ubatizo niliuona kwenye simu, nimeketi sakafuni,
kichwa cha mtoto kinalowa,
nyuma yangu wanapiga ngoma za ndoo.

Plumavia wamenitumia hati: yuro tisa,
itumike ndani ya siku tisini.
Ipo kwenye droo, chini ya vijiko.
Jana Godelieve aliuliza kama za Pasaka zipo kwa bei hiyo.
Nikamwambia zipo.
Zipo tele.
Nikajishughulisha na vyombo.